Betri Yako Haikufa Asubuhi ya Leo

Juzi mteja mmoja wa gereji yetu ametuanika kwenye kundi la WhatsApp. Ameandika kwamba gari lake lilikuwa linawaka vizuri mpaka Jumapili jioni, Jumatatu likagoma, likaletwa kwetu kwa gari la kuvuta, nasi tukambambikia betri na altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Akamalizia: "Mafundi wa kwetu ni walewale, hata huku Minnesota wamehamia na tabia zao." Kufika saa nne usiku nilikuwa nimeshatumiwa ujumbe huo na watu saba, akiwemo shemeji yangu, ambaye aliona vyema aongeze na kikatuni cha kucheka.

Simtaji. Ni mtu mwema, na nafikiri atarudi, maana tairi zake nazo nimeziona. Lakini hayo maneno "lilikuwa zima mpaka jana" nayasikia kila Januari, kwa Kiswahili cha Mombasa, cha Bukavu na cha kwetu Tanga, na nimechoka kumjibu mmoja mmoja nikiwa nimeinama kwenye boneti, vidole vimekufa ganzi.

Huyu ndugu alikuja mwezi wa kumi kubadilisha oili. Kwetu, gari lolote linaloingia kuanzia Septemba, hata kama limekuja kuzibwa pancha, tunalipima betri. Hatutozi. Betri yake ilikuwa imeandikwa 650, kipimo kikasoma 340. Hiyo namba iliyoandikwa juu ya betri watu hawaisomi, na ndiyo wanayoilipia: ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila volti zake kushuka chini ya 7.2. Yaani kipimo chenyewe kimetungwa kwa ajili ya asubuhi kama za huku. Nikamwambia, kaka, hii haivuki Krismasi. Akacheka. Akasema biashara ya kutishana anaijua, kauza simu Kariakoo miaka sita. Nikaandika kwenye risiti: betri dhaifu, mteja ameshauriwa. Nakala ninayo.

Watu wanadhani baridi ndiyo inayoua betri. Betri inauawa na joto la Julai. Joto linakausha maji yake na kuzila sahani za ndani polepole, wewe unakatiza mjini umefungua dirisha, huna habari. Tena wakati wa joto injini ni nyepesi kuzungusha, hata betri iliyochoka inaiwasha, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Halafu baridi inaingia na mambo mawili yanakuja pamoja. Kemikali ndani ya betri zinakuwa goigoi, kiasi kwamba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hata betri nzima imepoteza kama nusu ya nguvu zake au zaidi. Na oili kwenye injini inakuwa nzito kama asali, stata, ile mota ya kuizungusha injini iwake, inadai umeme mwingi kuliko siku zote. Mfuko umetoboka siku ileile kodi imepanda.

Na altaneta je? Hapo ndipo nilipoitwa mwizi. Tangu katikati ya Desemba alikuwa anabusti, yaani anawasha kwa kuunganisha waya na betri ya gari la mwenzake. Leo jirani, kesho mlinzi wa kazini, keshokutwa mwenzake wa zamu. Asubuhi kumi na kitu, kwa kinywa chake mwenyewe. Anaendesha dakika 12 mpaka kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, hita iko juu mpaka mwisho, kiti kinapashwa, kioo cha nyuma kinapashwa, taa zinawaka kwa sababu saa moja asubuhi huku bado ni giza. Kwa dakika 12 hizo betri hairudishiwi hata ilichotumia kuwasha gari. Altaneta imeundwa kurudisha kidogo kilichotumika. Ukiipa kazi ya kufufua maiti kila siku, inachemka, na mwisho waya zake zinaungua. Mwezi wa kumi ningemfungia betri kwa dola 185, kusafisha vichwa vya betri na kupaka grisi humohumo. Januari amelipa betri, altaneta na gari la kuvuta, imepita 800. Na hizo za gari la kuvuta sikuona hata senti.

Nikiwa bado kwenye kubusti, kuna jambo moja ambalo halina biashara ndani yake. Betri iliyojaa chaji haigandi mpaka baridi ikaribie nyuzi 60 chini ya sifuri, na hiyo hata jimbo hili halijaifikia. Rekodi yetu ni nyuzi 51 chini ya sifuri, mji wa Tower, tarehe 2 Februari 1996. Lakini betri iliyokwisha chaji ni karibu maji matupu, inaganda kwenye nyuzi saba au nane tu chini ya sifuri. Ukiikuta imevimba ubavuni, usiunganishe waya. Inaweza kupasuka na kukurushia tindikali usoni.

Tarehe 30 Januari 2019, siku Minneapolis iliposhuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri na posta ikasitisha kupeleka barua jimbo zima, nilitoka kwenda kumwashia gari mama mmoja wa Nakuru. Nafungua boneti, betri imevimba kama andazi. Nikakataa kuibusti. Akanitazama kana kwamba nimekuja kumchungulia. Nikaing'oa, nikaifunga nyingine niliyobeba kwenye gari, akaenda kazini amechelewa saa nzima na amenuna. Yule mama ni mteja wetu mpaka leo, na mpaka leo ananikumbusha kwamba nilimtoza ada ya kutoka.

Ugomvi wa pili ni maji ya rejeta. Najua tulikotoka. Barabara ya Chalinze hakuna dereva asiye na chupa ya maji nyuma ya kiti, rejeta ikichemka unasimama, unasubiri, unajaza, safari inaendelea. Mzee mmoja alihamia huku akitokea Phoenix, Arizona, na rejeta iliyokuwa ikivuja tone kwa tone. Kila Jumamosi aliongeza maji ya bomba. Kiangazi chote, na vuli yote. Kufika Novemba ndani ya injini kulikuwa na maji tu, kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kuganda, imebaki jina. Usiku wa kwanza wa baridi kali yakaganda. Maji yakigeuka barafu yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha bloku, yaani mwili wa injini, hakina pa kukimbilia. Aliniita kwa sababu gari lilikuwa "linavuja kidogo". Nikaweka tochi chini, nikaona ufa mrefu kama kiganja changu. Kufunga mpira mpya wa rejeta na kujaza kulanti ingekuwa kazi ya alasiri moja. Lile gari liliuzwa chuma chakavu.

Wapo na wanaokosea upande wa pili. Anasikia kulanti inazuia kuganda, basi anajaza tupu, bila maji, akidhani kazidisha ulinzi. Nusu kwa nusu na maji inakufikisha nyuzi 37 chini ya sifuri. Ile tupu inaganda kwenye nyuzi kama 13 chini ya sifuri. Ndiyo, umesoma sawasawa: tupu inaganda mapema kuliko iliyochanganywa. Kwa hiyo soma chupa, nyingine zimeshachanganywa kiwandani, nyingine hazijachanganywa. Na rangi isikudanganye, kijani ya kampuni moja si kijani ya kampuni nyingine. Tunayo haidromita, yaani kijibomba cha kunyonya na kupima kulanti, kazi ya dakika mbili. Hiyo nayo hatutozi.

Hapa niwaambie wageni wa mwaka wa kwanza kitu ambacho kiliniumbua mimi mwenyewe. Redioni watasema leo ni nyuzi 20. Usitoke na kandambili. Wamarekani wanahesabu kwa Farenhaiti, na 20 yao ni kama saba chini ya sifuri kwa hesabu yetu. Zikifika 40 chini ya sifuri, hesabu zote mbili zinakutana, na hapo huhitaji tena kuuliza. Pia watataja baridi ya upepo. Hiyo ni habari ya ngozi yako: upepo ukiifanya ifike nyuzi 28 chini ya sifuri, shavu au sikio lililo wazi linaweza kuganda ndani ya nusu saa. Gari halina ngozi. Halishuki chini ya baridi ya hewa yenyewe, hata upepo upige vipi, kwa hiyo usinilipe nilifunike blanketi kwa sababu ya upepo. Kama unataka kulisaidia, weka hita ya bloku, ile yenye waya wa kuchomeka ukutani. Saa tatu au nne kabla ya safari zinatosha. Nunua na swichi ya saa ijiwashe yenyewe alfajiri, kuiacha usiku kucha ni kuilipa kampuni ya umeme bure.

Tairi nitazipitia haraka. Kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti zinazoshuka, upepo wa tairi unapungua kama pauni moja, ndiyo maana taa ile ya njano ya dashibodi inawaka siku ya kwanza ya baridi na watu wanakuja mbio wakidhani wamechomwa msumari. Tairi za kiangazi zinakuwa ngumu kama kwato hewa ikishuka chini ya nyuzi saba za hesabu yetu. Na gari ambalo injini inazungusha tairi zote nne linakusaidia kuondoka; kwenye kusimama wewe na mwenye kigari kidogo ni sawa. Wengi ninaowatoa mitaroni wana magari makubwa.

Sasa la gereji ya nyumbani, na hili naomba lisomwe kwa sauti mbele ya vijana. Usiwashe gari ndani ya gereji ili lipate joto, hata ukiwa umeinua mlango. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo inapenya ukutani mpaka vyumbani. Sote tunajua habari za nyumbani za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi. Sumu ni hiyohiyo. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye baridi, watu walikufa kwa jenereta, kwa mkaa na kwa magari yaliyokuwa yakiunguruma gerejini, na walikuwa wanatafuta joto tu. Gari la siku hizi halihitaji nusu saa ya kuunguruma. Litoe nje, ondoa theluji yote kwenye vioo na paani, litakuwa tayari, kisha ondoka polepole. Na kabla ya kuwasha, chungulia bomba la moshi nyuma. Likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani.

Ukikwama njiani, kaa ndani ya gari. Krismasi ya 2022 dhoruba iliyoipiga Buffalo, New York, iliua zaidi ya watu 40 mjini humo na viungani, wengine wakiwa kwenye magari yao, wengine wakitembea kwa miguu katika theluji wasioweza kuona mbele. Zibua bomba la moshi, washa injini kama dakika kumi kwa kila saa, fungua dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo. Kwa hiyo tangi lisishuke chini ya nusu kuanzia Novemba. Wateja wetu wanajua sanduku tunalowasisitizia: blanketi, koleo fupi, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, tochi, soksi kavu, kitu cha kula. Binti mmoja alinicheka kwa zile soksi. Mwaka jana alinitumia picha akiwa amezivaa mikononi.

Mtaniambia bei. Ukaguzi wetu wa kabla ya baridi ni dola 60, na najua yupo anayefanya kwa 25 kwenye uwanja wa nyumbani kwake. Simsemi vibaya, pengine ni fundi mzuri. Mimi katika hizo 60 nafungua vichwa vya betri, nasugua kutu, napima altaneta injini ikiwaka na taa zote zikiwaka, napima kulanti, natazama mikanda na mipira, nabadilisha maji ya kioo ya kiangazi niweke yasiyoganda, napaka mafuta raba za milango zisigandane. Inachukua saa nzima na zaidi. Kifaa kikibadilishwa, cha zamani unaonyeshwa kabla ya kuondoka. Sijawahi kufunga kitu bila kumpigia mwenye gari, na mwenye ushahidi tofauti auweke kwenye hilohilo kundi.

Nafasi za Jumamosi za mwezi huu zimejaa. Anayetaka siku za kazi aje kabla ya saa mbili asubuhi, na aje na risiti ya oili ya mwisho kama anayo, tujue kilichowekwa humo.

Na wewe ndugu yetu wa WhatsApp, siku ile uliondoka na haraka, altaneta yako hukuiona. Nimekuwekea kwenye ndoo nyuma ya kaunta. Pita uzione zile waya zilivyoungua, chai ipo.