Kaka, kabla hujalipia ile hoteli ya pwani

Shikamoo kaka,

Picha kumi na moja ulizonitumia nimezitazama zote, tena mara mbili. Kumi ni za uwanja wa gofu na moja ni ya chumba. Sijaona hata moja inayoonyesha mama atakaa wapi, wala maji ambayo wanao wataogelea. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu najua wako kina baba wengi wenye mikoba ya gofu na watoto wenye ndoo za mchanga, na wanapanga likizo kama unavyopanga wewe.

Safari ile ya mwisho bado inaniuma. Hoteli ilisema iko ufukweni, na kweli ilikuwa ufukweni. Lakini kila asubuhi tulipoamka maji yalikuwa yameshakupwa, yako mbali kule, na mbele yetu ni mwani na mawe. Mdogo alichanika unyayo siku ya pili. Maji yaliporudi jua lilikuwa limeanza kushuka na watoto wamechoka kungoja. Wewe ulikuwa uwanjani. Wifi hakulalamika, ila njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, nami nilikaa naye kiti cha nyuma.

Kwa hiyo safari hii nakuomba uanze na saa. Mchezo kamili wa gofu, yaani mashimo 18, huchukua saa nne hadi tano, na ukitembea kwa miguu unamaliza kilomita nane au kumi. Weka mazoezi ya kabla ya kuanza, weka kuoga na kupumzika: nusu ya siku imekwisha. Ukicheza mara tano ndani ya siku saba, hiyo si likizo ya familia, ni likizo yako ambayo sisi tumekusindikiza. Cheza 18 mara mbili, cheza tisa mara mbili, na ucheze mapema. Alfajiri ardhi haijapata joto na upepo wa baharini haujaamka. Kuanzia mchana upepo huo unapanda na mpira wako unakwenda unakotaka wenyewe. Ukianza saa kumi na mbili na nusu, saa tano umeshamaliza mashimo 18, na mchana wote ni wetu.

Sasa hapo ndipo bahari inapoingia, na hili hakuna tangazo la hoteli litakalokuambia. Mahali pengi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Yakijaa Jumatatu saa nne asubuhi, Jumamosi yatajaa saa nane mchana. Maana yake, hoteli ile ile, ufuo ule ule, wiki moja inakupa maji ya kuogelea ukiwa uwanjani, na wiki nyingine inakupa maji hayo ukiwa umesharudi. Sisi tunataka hiyo ya pili. Tafuta jedwali la maji la eneo lenyewe, linapatikana kwenye intaneti, kisha ndipo uchague tarehe. Angalia na mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, siku zinazofuata ni za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ni tulivu zaidi kwa watoto. Ziko bahari ambazo habari hii haina uzito, kama sehemu kubwa ya Mediterania, ambako maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kukusumbua. Kwingine kote, uliza.

Uliza pia kama ufuo una waokoaji, na saa ngapi wanakuwepo. Bendera za nyekundu na njano zikisimikwa mbili, katikati yake ndipo panapolindwa. Nyekundu tupu ni hatari. Na wafundishe watoto kabla ya safari, si siku ile: mkondo ukikuvuta kwenda kilindini usishindane nao, elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mvuto wake. Mwanao mkubwa anajua kuogelea kwenye bwawa. Bahari ni kitu kingine.

Kuhusu uwanja wenyewe, wewe ni mjuzi kuliko mimi, ila umenifundisha kusoma kadi, basi nivumilie. Ile namba ya Slope, inayopima ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida, 113 ndiyo ya wastani, na inaweza kufika 155. Ule uwanja wa picha ya kwanza uko juu ya 140. Unajua fika kwamba uwanja wa namna hiyo unamwadhibu mchezaji wa kawaida kuliko bingwa, na umesema unataka kucheza na mwanao aliyeanza kujifunza mwaka huu. Utampeleka hapo akapoteze mipira kwenye mchanga na vichaka mpaka auchukie mchezo? Tafuta mahali penye uwanja mdogo pembeni ya ule mkubwa. Hata St Andrews kule Scotland, ambako Old Course, uwanja wao mkongwe, ilipunguzwa mwaka 1764 kutoka mashimo 22 hadi 18 na dunia nzima ikafuata, wana Balgove, uwanja wa mashimo tisa unaofaa watoto na wanaoanza. Na Jumapili Old Course kwa kawaida haichezwi. Watu hupita juu yake wakitembea na familia zao. Kama wao wameweza, hoteli yako nayo iwe na nafasi ya mtu asiyeshika fimbo.

Mama nimemwacha mwisho lakini ndiye ninayemwaza zaidi. Magoti yake hayapandi ngazi nyingi. Neno "karibu na ufuo" usilikubali. Waulize ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi mchangani, ni ngazi au mteremko, na kivuli kipo cha miti au cha miavuli ya kugombania. Mchanga unaurudisha mwanga wa jua, hivyo hata chini ya mwavuli mtu anaungua. Chumba chake kiwe cha chini, kitazame bahari. Chako kinaweza kutazama uwanja, sina neno.

Wapigie simu, usiandike. Mtu wa mapokezi akiulizwa maji yanakupwa saa ngapi wiki hiyo, anajibu au anababaika, na utajua kama wanaifahamu bahari iliyo mbele yao.

Nitumie tarehe tatu unazoweza kupata ruhusa kazini. Jedwali la maji nitalitazama mimi usiku huu huu, na kesho nitampigia wifi tuchague naye.

Mdogo wako