Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Januari 2025

Ndugu wanachama,

Shalom, Asalaam aleikum, na poleni na matope. Najua wapo waliovua viatu njiani ili wafike hapa Tukuyu, kwa hiyo salamu zangu ni hizo tu. Mkutano kama huu mwaka jana mliniagiza jambo moja: mwaka 2024 tutengeneze mapambo machache ya Krismasi kutokana na taka kuliko 2023, ila yadumu. Taarifa hii ni majibu ya agizo hilo. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu, na mwenye swali la mkopo wake amtafute yeye, asinishike mimi mlangoni.

Kwa wanachama wapya, niseme kwamba agizo hilo lilitoka mtaroni. Januari 2024 mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi mtaro wa karibu na soko ukawa umeziba, maji yanapita barabarani. Vijana waliouzibua walitoa matope, mabua, viatu vya watoto, na katikati ya hayo, mapambo yetu ya Krismasi. Kengele za trei za mayai zilikuwa zimeshakuwa uji. Lakini yale maua ya vitako vya chupa za soda yalikuwa mazima kabisa, mekundu kama siku tulipoyapaka rangi, yananing'inia kwenye uzi niliofunga kwa mkono wangu. Mnajua jinsi tunavyoyatengeneza: kitako cha chupa ya soda kina miguu mitano, ukikikata kwa mkasi unapata ua la petali tano bila kuchora chochote. Ni kazi rahisi, na ndiyo maana tulitengeneza mengi mno. Tulichukua taka, tukaitia rangi, tukaiuza, ikarudi mtaroni kabla ya mwezi kwisha. Nilisimama pale na gumboti zangu nikitamani mtu asinitambue.

Ndiyo sababu mwaka 2024 kila pambo lilipita kwenye swali moja kabla ya kuingia kabatini: Krismasi ijayo litatundikwa tena? Lililoshindwa swali hilo halikutengenezwa. Maua ya vitako tumeyaacha. Minyororo ya karatasi za chooni za rangi ya waridi, ambayo wengi wetu tumekua nayo ikiwa imesokotwa kutoka kona hadi kona ya sebule, nayo tumeiacha, ingawa najua kuna bibi mmoja hapa hajanisamehe. Waridi za mifuko ya rambo hazikuhitaji mjadala: rambo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na malighafi ile sikuililia.

Tulichokiweka mbele ni nyota kubwa ya taa. Wenyeji wa wilaya yetu ya Rungwe hamhitaji kuelezwa nyota hii ni ipi. Wamoraviani, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, walifika hapa mwaka 1891, na nyota yao ilikuwa tayari na historia ndefu kwao Ujerumani. Ilianza miaka ya 1830 katika shule yao ya Niesky, ikiwa somo la jometri. Hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, na hushushwa Epifania, Januari 6. Mwalimu wetu wa hisabati ndiye aliyetuchorea ruwaza. Mwili wake una nyuso 26, yaani miraba 18 na pembetatu 8. Kila uso huota mwiba, isipokuwa mraba mmoja wa juu unaoachwa wazi ili waya wa taa upite. Miiba jumla ni 25: ya pande nne 17, ya pande tatu 8. Aliyedhani jometri ya shule haina kazi aje akate miiba 25 Jumamosi moja.

Nyota ya kwanza ilikuwa kosa langu, na nataka iandikwe hivyo kwenye muhtasari. Nilisema tutumie karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa, maana zilikuwa zimejaa nyumba ya mwalimu. Ili zipitishe mwanga tulizipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa, upande mmoja, zikawa kama ngozi ya ngoma. Kisha tukaziunganisha kwa gundi ya unga wa ngano, ile ya kupika kama uji mwepesi mpaka iwe na utelezi. Ilipowashwa jioni ilipendeza mno. Alama nyekundu za vema na kosa zilionekana kwa ndani, watoto wakawa wanatafuta majina yao. Tukaihifadhi stoo tukisubiri Desemba. Katikati ya Novemba nilifungua stoo nikakuta boksi tupu, waya, na vipande vidogo kama vya tambi. Unga wa ngano na mafuta: wanachama, tulikuwa tumewapikia panya. Walikula hadi maksi.

Kuna aliyeshauri tuongeze siki kwenye gundi. Siki inasaidia isiote ukungu, na kwa mvua zetu hilo si dogo, lakini panya wa hapa sidhani kama wanaogopa siki. Tukaamua kuachana na gundi kabisa.

Nyota ya pili, ambayo sasa ndiyo yetu, inatokana na madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, yale ya lita 5. Hukatwa kwa mkasi wa kawaida, hupitisha mwanga, wala hayajali mvua. Tunachukua yaliyopasuka tu. Dumu zima lina kazi ya kuchotea maji, na mtu akitoboa dumu zima ili apate nyota, hajaokoa kitu. Huoshwa kwa maji ya moto na majivu mpaka mafuta yote yatoke. Mwiba mmoja una kitako cha sentimita 6 na urefu wa 15. Ukipanga ruwaza kichwa kwa mkia, madumu manne au matano yanamaliza nyota. Mstari wa kukunja unachorwa kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, vinginevyo unakatika. Mwanzoni tulitoboa matundu kwa msumari wa moto, moshi wake ukatuumiza vichwa, tukaacha. Fundi viatu wa pale stendi alituazima msharasi, chuma chake chembamba cha kutobolea ngozi, na uzi wake wa nailoni, akatuonyesha mshono mmoja. Tangu hapo nyota zinashonwa kama viatu. Ndani ni balbu ya LED tu. Balbu ya zamani inayochemka isikaribie plastiki wala karatasi.

Onyo lingine nalirudia kwa sababu nililazimika kulirudia Oktoba: dumu la dawa ya viazi haliingii katika chama hiki, hata likioshwa mara kumi. Wala balbu zilizoungua za mirija iliyosokotwa. Zina zebaki ndani, zikipasuka mikononi mwa mtoto hakuna pambo linalofidia.

Sokoni tulianza vibaya. Nyota ya dumu mchana, bila taa, ni dumu lenye pembe. Mama mmoja alisimama, akaigeuza, akauliza, "Hili si dumu?" Nikamwambia ndiyo, ni dumu. Akasema, "Mimi yapo nyumbani mengi," akaenda kwenye dagaa. Jumamosi iliyofuata tulikaa mpaka jua likazama, tukavuta waya kutoka duka la jirani, tukaiwasha. Kiza cha Tukuyu na ukungu wake vikatufanyia biashara. Mama yule yule alirudi, safari hii hakuuliza ni kitu gani, aliuliza bei. Tangu siku hiyo hatuuzi mchana.

Kwa asiye na umeme, au asiye na nafasi ya nyota kubwa, tumetengeneza nyota ndogo ya kukunja, ile yenye jina la Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyeanzisha shule za chekechea. Vipande vinne vya karatasi, ncha 16, hakuna gundi wala uzi. Siri yake ni kipimo: urefu uwe kati ya mara 25 na 30 ya upana. Kalenda ya ukutani ya ukubwa wa A2 imekaa kama iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kata vipande vya sentimita 2 kufuata urefu wake, unapata vipande 21, yaani nyota tano na kipande kimoja cha akiba kwa atakayeharibu. Na wa kuharibu hakosekani. Magazeti ni laini mno, hayashiki kona. Januari ndiyo msimu wa kalenda za zamani, kwa hiyo msizitupe. Zileteni wiki hii, zisifungiwe maandazi.

Mengine kwa kifupi. Watoto wa likizo walikunja shanga za karatasi kwa njiti za meno, zikatosha mapazia mawili. Malaika wa maganda ya mahindi walitoka vizuri ila walifubaa. Mti hatukukata: tulifunga pamoja matawi ya kahawa yaliyopogolewa, tukayasimika kwenye ndoo ya mawe, na wengi walisema afadhali msaiprasi. Mkrismasi wenyewe, ule wa maua mekundu, hauhitaji msaada wetu. Huko chini kunakopata joto unajipamba Desemba ukifika.

Kuhusu ule unga wa kumetameta, mnajua msimamo wangu. Ni plastiki iliyosagwa, ikishamwagika huwezi kuiokota, na Krismasi ikiisha utaikuta kwenye nywele za mtoto na kwenye wali. Nilipendekeza badala yake karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti za majani ya chai, ambayo hapa kwetu haiishi. Tulipiga kura nikashindwa. Unga umeruhusiwa kwa kadi tu. Nakubali matokeo, hoja bado siikubali, na nitaileta tena.

Kuhusu kipato, nisiwadanganye. Mweka hazina atasoma faida, nanyi mtapiga makofi. Lakini nyota moja inachukua siku mbili za mtu anayejua kushona, na hakuna hata mmoja wetu aliyelipwa siku hizo. Tukizihesabu, faida inageuka. Ndiyo maana Desemba tulijaribu kukodisha badala ya kuuza. Nyota inakwenda nyumbani kwa mtu Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo mwaka 2024 iliangukia Desemba 1, inarudi Epifania, inakaguliwa mishono, inalala kabatini mpaka mwaka mwingine. Kazi moja inalipa zaidi ya mara moja, na tunajua kila nyota iliko Januari bila kuingia mtaroni kuitafuta. Napendekeza mkutano huu uidhinishe utaratibu huo uwe wa kudumu, na kabati lihamishwe stoo ya katibu, ambako kuna paka.

Tulikodisha nyota tisa. Saba zimerudi, moja ikiwa na mwiba uliokanyagwa na mbuzi, umeshashonwa. Mbili bado. Waliokaa nazo wamo humu ndani, nami sitataja jina la mtu mbele ya mkutano. Ila moja huwa naiona kila jioni nikipanda kwenda nyumbani, inawaka barazani, na Epifania imepita wiki mbili. Leo nikitoka hapa nitapita njia hiyo hiyo, na nitabisha hodi.