"Umeniaibisha" si neno la kocha

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kutazama riadha za shule za sekondari katika kaunti ndogo yetu, kama nifanyavyo kila muhula wa kwanza tangu nistaafu. Katika mbio za mita 1500 za wasichana, mmoja mwembamba, asiye na viatu, alichomoka pale pale filimbi ilipolia akawaacha wenzake kama hatua thelathini. Sisi wazee tuliokaa chini ya mti tuliangaliana. Tulijua. Mizunguko miwili aliongoza, wa tatu mabega yakaanza kupanda, na kufikia kengele ya mzunguko wa mwisho walikuwa wanampita mmoja mmoja. Akamaliza wa nane.

Mwalimu wake alikuwa anamngoja kwenye mstari. Hakumpa maji wala hakumshika mkono. Alimpa neno moja, kwa sauti iliyofika hadi kwenye hema la wageni: "Umeniaibisha!"

Nimefundisha Kiswahili na michezo kwa miaka 29, kwa hivyo niwie radhi nikianza na sarufi. Katika neno hilo msichana yupo, ndiye ile "u-" ya mwanzoni, mtenda kosa. Anayeumia ni "-ni-", yaani mwalimu. Mtoto ndiye aliyekuwa anahema, nyayo zake ndizo zilizochanika, lakini kwa kiambishi kimoja mbio zile zikawa za mtu mwingine aliyekuwa amesimama kando na kofia yake.

Siandiki haya kama mtu msafi. Mimi mwenyewe nilikuwa na msichana wa mita 800 ambaye alishindwa mashindano mawili mfululizo, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba namba yake nitampa mtu anayetaka kukimbia. Nilidhani namchokoza ili awake moto. Jumatatu hakuja mazoezini, na Jumatatu iliyofuata hakuja pia. Tulikutana miaka mingi baadaye sokoni, akiuza kabeji, akanipokea kwa furaha ambayo sikustahili. "Mwalimu, bado nakimbia," akaniambia, "siku hizi nafukuza ng'ombe." Alicheka. Mimi nilinunua kabeji tatu ambazo sikuzihitaji.

Wapo watakaoniambia kwamba wao walitukanwa, wakachapwa, na wakafika. Sawa. Lakini waliofika ndio tunaowasikia wakisimulia. Waliokwenda kuuza kabeji hawaalikwi redioni.

Na tusidanganyane kwamba dawa ya matusi ni sifa. Kumwambia mtoto "wewe ni bingwa" wakati hajui kugawa nguvu zake katika mizunguko mitatu na robo tatu ni uongo, na watoto wanaunusa uongo haraka kuliko sisi. Imani ya kocha ni kitu cha kazi. Tuna bahati katika nchi hii kwamba mifano miwili bora ya jambo hili iko hapa kwetu, mmoja Iten na mwingine Nandi.

Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa kocha, na riadha hakuwa ameisomea. Huenda hilo ndilo lililomsaidia: kwa kuwa hakujua mengi, ilimbidi awatazame watoto na kuwasikiliza. Kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 kule Seoul mwaka 1988. Leo shuleni hapo kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa waliopita pale.

Miongo miwili baada ya Bruda huyo kufika, au karibu mitatu, akaja kwake kijana kutoka Kilgoris, David Rudisha, ambaye alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Baba yake, Daniel, alikuwa ameshinda fedha katika kupokezana vijiti mita 400 mara nne kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kwa hivyo mbio hizo zilikuwa kama urithi wa nyumbani. Ni Bruda Colm aliyemsukuma ajaribu mita 800. Fikiria mzigo wa kumwambia kijana aache mbio za baba yake. Huwezi kufanya hivyo kwa kupayuka. Lazima awe amekuona ukimtazama siku nyingi, hadi akubali kwamba umeona kitu ambacho yeye bado hajakiona. Mwaka 2006 kijana yule alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800.

Ninachokipenda zaidi katika habari za Rudisha ni mwaka 2009. Alikwenda Berlin kwenye mashindano ya dunia, watu wakimtarajia, akatolewa katika nusu fainali. Hiyo ndiyo siku ya kumpima kocha, kwa sababu siku ya ushindi hata dereva wa basi anakuamini. Waliendelea na kazi ile ile. Agosti 2010 Rudisha alirudi Berlin akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 1 sekunde 41.09. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Wilson Kipketer, naye aliyepitia St Patrick's. Wiki moja baadaye, huko Rieti, Italia, akaipunguza tena. Kisha ikaja Olimpiki ya London 2012, dakika 1 sekunde 40.91, akiongoza kutoka mwanzo hadi mwisho. Kukimbia mbele namna ile, bila mtu wa kumfuata, huku dunia yote ikikutazama mgongoni, kunahitaji moyo ambao hautengenezwi siku ya mashindano.

Mfano wa pili ni mfupi, na kwa mwalimu wa shule ya kawaida huenda ni bora kuliko wa kwanza, kwa sababu hauhitaji kambi wala uwanja. Patrick Sang, mshindi wa fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, alifuatwa na kijana wa jirani huko Nandi akiomba ratiba ya mazoezi. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi: Sang hakuwa na karatasi, akaokota kijiti akaandika kwenye ngozi ya mkono. Kijana akaenda, akafanya yote, akarudi kuomba mengine. Akapewa. Akarudi tena. Ilipita miezi kabla Sang hajajua kwamba huyo ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea. Jina lake ni Eliud Kipchoge.

Hakuna hotuba katika kisa hicho. Mtu mzima alimpa mtoto kazi ya kweli, kazi ya mwanariadha, na aliporudi akampa nyingine. Mtoto akajisomea mwenyewe maana yake. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, Kipchoge aliwashinda miamba wawili wa mbio wa wakati huo, Hicham El Guerrouj wa Moroko na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, katika mita 5000 za mashindano ya dunia kule Paris. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki, na wengi walidhani amekwisha. Sang hakutafuta kijana mwingine. Mwaka uliofuata Kipchoge alishinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg, na yaliyofuata hata wajukuu wangu wanayajua.

Nikiwa bado kazini nilihudhuria semina moja ya makocha, na katika yote niliyoandika daftarini humo nimebaki na jambo moja. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Ronald Smith na Frank Smoll, pamoja na wenzao, waliwapa makocha wa besiboli ya watoto mafunzo ya saa chache tu: kusifu juhudi, kurekebisha kosa bila kumdhalilisha aliyelifanya, kuacha kuadhibu. Katika ripoti waliyoitoa mwaka 1992, watoto waliokuwa chini ya makocha wa kawaida, 26 kati ya kila 100 hawakurudi msimu uliofuata. Chini ya makocha waliofunzwa, 5 tu hawakurudi. Timu hizo hazikutofautiana kwa ushindi. Rudia hapo, Mhariri: ushindi ulikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa nani alibaki kucheza.

Hapa kwetu mambo yamepinda zaidi. Mwalimu wa michezo anapimwa kwa vikombe vilivyoko ofisini kwa mwalimu mkuu, basi anatafuta njia ya mkato. Anakwenda kuleta mamluki, mijanaume yenye ndevu iliyosajiliwa kidato cha pili wiki moja kabla ya mashindano. Tunalizungumzia jambo hilo kama udanganyifu, na ni udanganyifu kweli. Lakini mtazame mtoto halali wa shule ile, aliyefanya mazoezi tangu Januari, anapoona fulana aliyoizoea imevaliwa na mgeni. Ameambiwa waziwazi kile ambacho mwenzake aliambiwa kwa kelele pale mstarini.

Naomba mawili tu. Wasimamizi wa michezo katika kaunti, kabla ya kununua vikombe vya mwaka ujao, watenge siku moja ya kuwakalisha walimu hawa chini na kuwafunza namna ya kuzungumza na mtoto aliyeshindwa. Vitabu na daftari havihitajiki. Makocha wa kuwafunza tunao, tena wengine dunia nzima inawajua. Pili, shule ziache kuwarudisha darasani wote waliokosa nafasi mbili za kwanza. Waachwe wafanye mazoezi na timu hata kama hawatapanda basi.

Baada ya mbio zile nilimfuata yule msichana, alikuwa amekaa nyuma ya choo akifunga na kufungua sweta lake. Nilimuuliza kwa nini alianza kwa kasi vile. Akasema hakujua mizunguko ni mingapi. Hajawahi kukimbia 1500 kabla ya siku hiyo. Shuleni kwao alikimbia 400 akashinda, akaandikishwa.

Kama mwalimu wake anasoma gazeti hili: mtoto yule aliongoza mizunguko miwili, peku, katika mbio asizozijua. Jumatatu mwite, mwambie mzunguko wa kwanza ukimbiwe vipi, na umwambie arudi Alhamisi.

Mwalimu mstaafu,
Uasin Gishu