Nguvu ya yule mdudu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama anakusalimu. Barua yako niliipata Jumatatu, na swali lako halijaniacha tangu hapo: yule bakteria wa kipindupindu uliyemwona kwenye hadubini, akikatiza mbio kama kimondo, nguvu anaitoa wapi?

Anaitoa kwenye chumvi. Katika utando wake kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemikali, kiitwacho Na⁺-NQR; ni protini sita zilizoshikamana. Elektroni zilizotoka kwenye chakula hufika hapo zikibebwa na molekuli iitwayo NADH, zikapokezwa molekuli nyingine, kwinoni; na katika kupita kwake, ioni za sodiamu, zile chembe zenye chaji zilizomo kwenye chumvi, husukumwa nje. Nje inajaa, ndani inabaki haba. Sasa ni kama maji ya kisimani yaliyokwisha kuvutwa hadi tangi la juu ya nyumba: fungua bomba tu, yanashuka yenyewe. Bomba mojawapo liko kwenye shina la mkia wake. Sodiamu ikirudi ndani kwa kupitia hapo, mkia unazunguka kama rafadha ya boti, naye huyo! Kwa sodiamu hiyo hiyo huingiza chakula, na hata kutema baadhi ya dawa.

Mwanasayansi Mwingereza Peter Mitchell alipoandika mwaka 1961 kwamba uhai hujipatia nishati kwa kusukuma ioni, wengi walimkatalia. Mwaka 1978 akapewa Nobel. Yeye alizungumzia protoni, yaani ioni za haidrojeni, na ndizo zinazosukumwa katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli zetu mimi na wewe.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo, Mwanaidi. Sisi hatuna Na⁺-NQR. Ukiiziba, unamkaba bakteria huyo, pumzi zetu huzigusi. Tayari inajulikana korormisini, kemikali inayotengenezwa na bakteria mwingine wa baharini, ambayo huiziba kweli. Bado si dawa ya hospitali, lakini usiku niliposoma hayo sikulala.

Na ile ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywesha wagonjwa, unayokoroga mchana kutwa, nayo ni sodiamu: huingia kwenye seli za utumbo ikiandamana na sukari, maji yakafuata nyuma. Ndiyo maana chumvi peke yake haitoshi.

Yule mtoto wa kitanda cha mlangoni, ameanza kushika kikombe mwenyewe? Niandikie upesi.

Wako,
Rukia