Kiswahili hakimo kwenye santuri ya Voyager

Mhariri naomba nafasi kidogo. Voyager 1, chombo cha anga za juu cha Marekani kisicho na watu, ilirushwa 1977 na mpaka leo bado inatuma data, ilishavuka mpaka wa upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye jua) tangu Agosti 2012, yaani iko mbali kiasi kwamba meseji yake inachukua zaidi ya masaa 22 kutufikia! Sasa kinachoniuma, ile santuri iliyobeba, ili viumbe wa mbali wakiikuta watusikie, ina salamu za lugha 55, Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kisumeri ambacho hakina wenyewe siku hizi, ila Kiswahili hakuna kabisa. Jamani inauma. New Horizons, chombo kingine cha Marekani, iliyopita sayari kibete Pluto 2015 nayo inaelekea huko huko nje, haina santuri. Basi andikeni hizi habari gazetini mara kwa mara, watoto wetu wazisome kwa Kiswahili.