Harambee: mgonjwa mwenye ulemavu asiachwe peke yake wodini

Habari zenu wapendwa, naandika kwa niaba ya kikundi chetu, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mnakumbuka wakati wa korona wodi zilifungwa, ndugu haruhusiwi kuingia, na sababu tulielewa kabisa, ila kwa kiziwi yule ndugu aliyebaki getini ndo alikuwa mkalimani wake. Mdogo wangu alilazwa siku sita, kila anayemjia kavaa barakoa midomo haionekani, simu yake imefungiwa pamoja na nguo, akatia sahihi karatasi mbili ambazo mpaka leo hajui ziliandikwa nini. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Yeye alirudi nyumbani, wengi hawakurudi. Takwimu za serikali ya Uingereza zinaonyesha karibu watu 6 kati ya kila 10 waliokufa kwa korona England, Januari mpaka Novemba 2020, walikuwa na ulemavu. Uzee ulichangia ndiyo, lakini hata ukilinganisha watu wa umri mmoja bado wenye ulemavu walikufa zaidi. Na hukohuko Machi 2020 ulitoka mwongozo wa nani apelekwe ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, una kipimo cha namba 1 mpaka 9, kadri unavyohitaji mtu wa kukuogesha na kukuvisha namba inapanda, na ikipanda nafasi yako ya ICU inazidi kuwa finyu. Sasa kijana mwenye usonji, mapafu mazima, moyo mzima, anasaidiwa kuvaa tangu utotoni, anahesabiwa sawa na mzee aliyechoka kabisa! Watu walipiga kelele jamani, na ndani ya siku chache tu ukarekebishwa. Ujerumani nako watu wenye ulemavu walienda Mahakama ya Katiba, na Desemba 2021 ikaamua kwamba bunge lazima liweke sheria ya kuwalinda pale vitanda vya ICU visipotosha.

Kwa hiyo kelele zinasaidia. Ila saa nane usiku daktari kachoka, wagonjwa wamejaa mpaka koridoni, hakuna wa kumsomea sheria, na huyu mgonjwa mwenye ulemavu anamwona kwa mara ya kwanza maishani.

Ndo maana tunachanga sasa, sio ugonjwa mwingine ukishaingia. Tunataka barakoa zenye kidirisha mdomoni, tableti za kumpata mkalimani wa lugha ya alama kwa video, na mafunzo kwa wasindikizaji wajue kuvaa vifaa vya kujikinga kama manesi, wasizuiwe mlangoni. Alafu kuna kadi, hii mimi naipenda sana, mgonjwa anaiandaa mwenyewe akiwa mzima: siongei ila naelewa kila kitu, nikifumba macho mara mbili nimekataa, kutotembea sio ugonjwa mpya nimezaliwa hivi, naishi vizuri na nataka kutibiwa, msimuulize mama niulizeni mimi. Nesi anaimaliza kuisoma kwa dakika moja.

Kiasi chochote tunapokea, hata tableti uliyoacha kutumia. Mkabidhi mweka hazina wa kikundi, dai risiti yako, na matumizi yote yanasomwa mbele ya wanachama kila mkutano. Na kama unajua lugha ya alama hata kidogo na unaweza kukesha na mgonjwa usiku mmoja kwa mwezi, tafadhali jitokeze, wewe tunakuhitaji kuliko hela.