Mashimo ya matofali na mbu wa malaria

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya viumbe wadogo wanaoua watu duniani, na ninawashukuru. Hata hivyo, pweza mwenye pete za buluu wa Pasifiki na chura wa manjano wa Colombia wameelezwa kwa kirefu, ilhali mbu ametajwa kwa sentensi moja tu. Kwa msomaji wa Lubumbashi, mpangilio huo unapotosha.

Hatari ya mnyama haipimwi kwa ukali wa sumu yake peke yake. Buibui wa Sydney aitwaye Atrax robustus anaweza kumuua mtu kwa muda mfupi, lakini tangu dawa ya kuizuia sumu yake ianze kutumika mwaka 1981, hakuna kifo kilichothibitishwa. Mbu hana sumu ya namna hiyo. Mbu jike wa jamii ya Anopheles, anayefuata damu ili mayai yake yakomae, huhamisha vimelea vya malaria kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mwenye afya, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5. Kwa vifo hivyo, nchi yetu, Kongo ya Kinshasa, ni ya pili baada ya Nigeria.

Wengi wetu hulaumu mitaro inayonuka, na kweli mitaro hiyo huzaa mbu wasumbufu. Lakini mbu wa malaria hupenda zaidi maji ya mvua yaliyotuama juani, na pembezoni mwa mji huu maji hayo yamejaa katika mashimo yaliyoachwa na wafyatua matofali. Anayeinama pale asubuhi atawaona viluwiluwi: wale wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, ilhali wale wa mbu wengine wa kawaida huning'inia vichwa chini. Katika joto, yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi mbili.

Sibezi vyandarua, mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, nacho kisigeuzwe ua wa bustani ya mboga. Ninachoomba ni kwamba gazeti lenu liwaulize viongozi wa komini zetu, yaani sehemu za utawala za mji, kwa nini mwenye kuchimba udongo halazimishwi kufukia shimo lake kabla mvua za Novemba hazijaanza, na lichapishe majibu yao.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi